Blauzi ya kroshia yenye marinda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Blauzi inayozungumzwa hapa ni vipande viwili vya mstatili, cha mbele na cha nyuma, vinavyounganishwa mabegani na ubavuni, kisha marinda yanafumwa kwenye pindo la chini na kwenye mikono. Haina zipu, haina kuchonga kwapa, haina mkasi. Maswali haya ndiyo wanayouliza zaidi akina dada na akina mama wa hapa Mwanza, na mengi ukiyachunguza yanarudi palepale: marinda yanakula uzi kuliko jicho linavyokadiria. Mifano yote ya hesabu imechukua kifua cha sentimita 92. Mwenye kifua kingine ataona chini jinsi ya kubadilisha.

Nimejifunza kufuma juzi tu. Nitaiweza?

Utaiweza kama unafuma cheni, singo na dabo bila kurudi kwenye video kila dakika. Cheni ni kuvuta uzi kupitia kitanzi kilicho kwenye sindano, tena na tena. Singo unachoma, unavuta uzi, unatoa vitanzi vyote viwili kwa mara moja. Dabo unazungusha uzi kwenye sindano kwanza, ndipo unachoma, kisha unatoa vitanzi viwili, halafu viwili tena. Zaidi ya hapo hakuna ufundi mwingine kwenye blauzi hii.

Kama hata kitambaa cha meza hujawahi kufuma, anza na kipande kidogo cha dabo cha sentimita 15 kwa 15. Usikitupe, maana ndicho kitakachokuambia ununue uzi kiasi gani.

Maelezo ya mitandaoni yanaiita nguo ya majira ya kuchipua. Sisi huku tuivae lini?

Ulaya na Marekani ya Kaskazini majira hayo ni Machi hadi Mei, watu wanatoka kwenye baridi na wanataka kitu chepesi ambacho bado kinakinga upepo. Kwetu miezi hiyohiyo ni masika. Joto la Mwanza halipishani sana mwaka mzima, kinachopishana ni mvua, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana jioni kaupepo kake kanakufanya utafute kitu cha kujitupia mabegani. Mimi naona blauzi hii ni ya Juni hadi Septemba, wakati wa kiangazi. Kwenye masika pamba ya kufuma ikilowa inakuwa nzito, inavutika, na haikauki leo wala kesho.

Ninunue uzi gani?

Uzi wa pamba wa unene wa kati, ule mwembamba kuliko wa sweta la shule lakini mnene kuliko wa vitambaa vya kochi. Lebo nyingi za nje zinaupa nambari 3. Kama hauna lebo, uzungushe kwenye rula bila kuubana, mizunguko ikigusana: ndani ya sentimita 2.5 inatakiwa iingie kati ya 11 na 14.

Akriliki ni rahisi kupatikana, nyepesi, haipauki haraka na inavumilia kufuliwa. Tatizo lake ni jasho. Ukipanda daladala ya Buhongwa saa nane mchana umevaa akriliki utanielewa. Uzi uliochanganywa nusu pamba nusu akriliki ni suluhu nzuri ukiupata, na marinda yake yanakaa vizuri kwa sababu hayana uzito wa pamba tupu.

Nunua wote kwa mara moja. Kwenye lebo kuna namba ya rangi na namba ya mkupuo uliotiwa rangi hiyo; rangi ile ile ya mkupuo mwingine inaweza kupishana kidogo, na ukiunga katikati ya kifua mstari utaonekana mbali. Kama ni lazima uchanganye, anzia mkupuo mpya kwenye marinda. Pale watu watadhani ulikusudia.

Kiasi gani sasa?

Chukua kile kipande cha majaribio. Pima ndani yake eneo la sentimita 10 kwa 10, hesabu vishono na mistari. Kwa uzi huu na sindano ya milimita 4.5 wengi hupata dabo 16 kwa upana na mistari 9 kwa urefu, yaani vishono 144. Sasa fuma kipande kingine cha vishono 16 na mistari 9 tu, kifumue chote, upime urefu wa uzi uliotoka.

Tuseme umetoka mita 12. Mbele na nyuma ya blauzi, kila kimoja sentimita 48 kwa 40, ni eneo la sentimita za mraba 3,840, yaani mara 38.4 ya kile kipande. Zidisha: mita 460 hivi. Hapo bado marinda. Kwa mtindo tutakaoueleza chini, ongeza nusu yake, unafika mita 690. Kibonge cha pamba cha gramu 50 huwa na mita 105 hadi 125, lebo itakuambia. Kwa hiyo saba, na mwenye kufuma kwa kulegeza achukue nane.

Anayenunua vibonge vinne "nianzie, nitaongeza" huwa anaishia na blauzi nzuri isiyo na marinda, na duka limeishiwa rangi.

Tunalima pamba Kanda ya Ziwa nzima. Mbona uzi wa pamba una bei?

Kilimo na uzi ni mambo mawili. Pamba ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza na jirani zao ikitoka shambani inachambuliwa kutenganishwa na mbegu, inafungwa marobota, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa hivyohivyo. Pale Ukiriguru, Misungwi, watafiti wameshughulikia mbegu za pamba kwa miongo mingi, lakini mbegu bora haimaanishi kiwanda cha uzi wa kufumia. Uzi wa kusuka khanga na vitenge ni mwembamba na umesokotwa kwa ajili ya mashine. Wa kroshia unahitaji nyuzi kadhaa zisokotwe pamoja ziwe laini na mviringo, na wengi wake unaouzwa madukani hapa umetoka nje. Unalipia safari yake.

Naweza kufumua sweta la mtumba nipate uzi?

Tena sana, na kwa mwenye jicho ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Soko la Mlango Mmoja ukienda asubuhi wakati wanafungua mabelo, masweta ya pamba yanapatikana, kwa sababu wateja wengi wa joto hili hawayagombanii.

Kabla ya kulipa, ligeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili safi zilizounganishwa kwa uzi mmoja wa mnyororo, nunua: kila kipande kimefumwa kwa umbo lake na kitafumuka uzi mrefu. Ukiona mshono umezungushiwa overloki, wenye nyuzi nyinginyingi na kingo zilizokatwa, liache hata kama rangi imekuteka. Lile lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kipana, utapata vipande vifupi vya uzi wa upana wa kifua tu, mafundo mia.

Lebo imekatwa? Omba utoe kauzi kadogo pindoni, ukachome nyumbani juu ya sahani ya bati. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu. Usikishike kwa vidole, punje hiyo ya moto inanata.

Kufumua unaanzia juu, shingoni au begani, kwa sababu pale ndipo mashine ilipomalizia. Ukianzia chini uzi unakataa kutoka. Unapofumua usifanye mpira moja kwa moja. Zungushia kwenye mgongo wa kiti ipatikane kata, yaani kitita cha uzi, ifunge kwa vipande vya uzi sehemu nne, ioshe kwa maji ya vuguvugu, itundike ikiwa na kitu kizito kidogo chini. Yale mawimbi ya ufumaji wa zamani yatanyooka. Ukifuma bila kunyoosha, vishono havitalingana na utadhani mkono wako ndio mbovu.

Sweta moja la mwanaume la mikono mirefu mara nyingi linatosha blauzi na chenji inabaki.

Na uzi wa nyavu wa soko la samaki la Mwaloni?

Hapana. Ni nailoni, hauvuti jasho na unakata vidole. Fumia mkoba wa sokoni, huo utadumu kuliko wewe.

Sindano nambari ngapi?

Milimita 4.5 kwa mwili, milimita 5 kwa marinda. Hiyo tofauti ya nusu milimita ndiyo inayofanya marinda yaanguke badala ya kusimama. Ukubwa umechongwa kwenye mpini. Nunua ya alumini au yenye mpini wa raba, zile za plastiki nyepesi zinapinda mkononi kwa mtu anayebana uzi.

Mimi sina kifua cha 92. Nibadilishe vipi?

Pima kifua pale kilipojaa zaidi, futi kamba ikiwa imelala sawa hadi mgongoni. Gawanya kwa mbili, ongeza sentimita 2 za kupumulia. Kwa 92 ni 46 na 2, yaani 48. Zidisha kwa vishono vya sentimita moja, ambavyo kwa kipimo chetu ni 1.6: unapata 76.8, uifanye 78 ili igawike vizuri. Mwenye 104 atapata sentimita 54, vishono 86. Mwenye 116 sentimita 60, vishono 96.

Usichukue vishono vyangu kama kipimo chako hakikutoa 16. Ukipata 14, zidisha kwa 1.4. Hesabu hii ya dakika mbili inaokoa wiki.

Urefu wa sentimita 40 bila marinda unafika juu kidogo ya nyonga kwa wengi. Wanaopenda kuvaa na sketi ya kiunoni wapunguze hadi 34.

Mwili unafumwaje hatua kwa hatua?

Fuma cheni 80. Dabo ya kwanza iingie cheni ya nne kutoka kwenye sindano. Zile tatu ulizoruka zinahesabika kama dabo moja, kwa hiyo unamaliza mstari na vishono 78. Geuza, fuma cheni 3, endelea. Mistari 36 inakupa sentimita 40. Kata uzi, fuma kipande cha pili kinachofanana nacho.

Viweke vipande viwili kimoja juu ya kingine. Hesabu vishono 19 kutoka kila upande wa juu, hapo ndipo mabega. 40 vya katikati ni shingo, kama sentimita 25. Unganisha mabega kwa sindano butu ya mkono au kwa singo. Kisha ubavuni: kutoka chini panda hadi ibaki mistari 16 kabla ya bega. Huo uwazi ndio wa mkono.

Shingo ya namna hii ni pana na imenyooka. Asiyetaka bega lichungulie aongeze vishono viwili au vitatu kila bega.

Kipande changu kinapungua upana kila mstari. Nini kinatokea?

Unasahau kishono cha mwisho. Kiko juu kabisa ya zile cheni 3 za mwanzo wa mstari uliopita, na kwa mgeni hakionekani kama kishono. Weka pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine pale kila unapofuma cheni 3, utakikuta ukirudi. Na uhesabu kila baada ya mistari minne, hata kama una uhakika.

Haya, marinda yenyewe yanatokeaje?

Marinda ni kuzidisha. Pindo lina nafasi ya vishono fulani, wewe unalazimisha vingi zaidi pale pale. Kwa kuwa havina pa kwenda, kitambaa kinajikunja mbele na nyuma. Ukielewa hilo huhitaji maelezo ya mtu, utachagua mwenyewe kiasi.

Pindo la chini la blauzi yetu, mbele na nyuma, lina vishono 156. Fuma mzunguko mmoja wa singo, moja kila kishono, upate msingi imara usiovutika. Badili sindano iwe ya 5. Sasa una njia tatu.

Ukifuma dabo 1, kisha 2, kisha 1, kisha 2, unapata 234. Pindo litapanuka tu, halijakunjika, linafaa kwa mama asiyependa mbwembwe. Ukifuma dabo 2 kila kishono unapata 312, mawimbi ya taratibu. Ukifuma 3 kila kishono unapata 468, na hayo ndiyo marinda ya blauzi yetu. Baada ya mzunguko huo wa kuzidisha, mizunguko mitatu inayofuata ni dabo moja moja tu, huongezi kitu.

Sasa tazama. Mizunguko minne ya 468 ni vishono 1,872. Kipande kizima cha mbele, cha mistari 36, kina vishono 2,808. Kwa hiyo pindo lenye kimo kisichofika sentimita 5 limekula theluthi mbili ya uzi wa kifua chote na tumbo. Wapo wanaozidisha mara mbili, 2 kila kishono mzunguko wa kwanza, halafu 2 tena wa pili. Hao wanafika 624 kwa mzunguko. Ni mazuri, lakini yawe na mfuko wa uzi nyuma yake.

Mikononi: zunguka uwazi kwa singo, mbili kwenye ncha ya kila mstari. Mistari 16 mbele na 16 nyuma inakupa 64. Kisha dabo 2 kila kishono, 128, mizunguko mitatu. Mikononi sipendi tatu tatu, bega linakuwa kama la malaika wa igizo la Krismasi.

Na kama ukiniuliza, chagua chini au mikononi. Vyote viwili vinapendeza kwa mwembamba mrefu. Sisi wengine tunapotelea humo.

Marinda yangu yamesimama badala ya kuanguka.

Uzi mnene au mkono unaobana. Panda sindano ya 5.5 kwa mizunguko miwili ya mwisho. Kama bado, loweka pindo, livute kwa mkono likunje unavyotaka, liache likauke limelala.

Na yakianguka mno, yakivuta blauzi chini?

Hiyo ni pamba nzito, na mara nyingi mtu ameruka ule mzunguko wa singo. Fumua urudi. Hakuna njia ya mkato hapa.

Maelezo niliyopata yanasema "dc" lakini nikifuma dabo kitambaa kinatoka kirefu na kilegevu.

Yamkini yameandikwa Uingereza. Kule "dc" ni ile singo yetu, na dabo yetu wanaiandika "tr". Marekani "sc" ni singo, "dc" ni dabo. Tafuta alama ya "sc" popote kwenye maelezo: ikiwepo, ni ya Kimarekani. Kama huioni, tazama picha. Mistari mirefu yenye nafasi katikati ni dabo hata wakiiitaje.

Inaonyesha ndani. Kanisani au msikitini nitaendaje nayo?

Dabo ina uwazi, hilo halikwepeki. Wengi wanavaa singlendi au kitopu cha rangi ya ngozi yao, siyo nyeupe. Nyeupe ndiyo inayopiga kelele chini ya matundu. Anayetaka mikono mirefu avae bodi nyembamba ndani, na kwa kweli huko Ulaya ndivyo wanavyoivaa majira yale. Ukitaka kufunga matundu kabisa, fuma mwili kwa singo, ila ujue mistari itaongezeka karibu mara mbili na blauzi itakuwa na joto.

Ninanyonyesha.

Gawanya kipande cha mbele viwili vya vishono 39, uongeze mistari minne ya singo kila upande wa katikati kwa ajili ya vifungo. Tundu la kifungo ni cheni 2 na kuruka vishono viwili. Marinda ya chini yaanze na kuishia kwenye vifungo, yasizunguke.

Natumia mkono wa kushoto.

Kila kitu kinabaki, unaenda upande wa pili tu. Video iangalie kupitia kioo.

Wale wadudu wa ziwani wananiharibia uzi mweupe usiku.

Wanafuata taa. Wakivuma, zima taa ya nje, kaa mbali na dirisha, na uzi uufumie ndani ya mfuko wa kitambaa wenye kamba, ukitoka ncha tu. Usiwapanguse kwa kiganja maana watapondeka humo. Subiri wakauke, ukung'ute.

Kufua na kukausha?

Kwa mkono, maji ya baridi au vuguvugu, bila kusugua. Usikamue kwa kusokota: viringisha ndani ya taulo ukandamize. Usiianike kwenye kamba, itarefuka usiku mmoja kuliko ulivyoifuma. Mji wetu umejaa miamba, na mwamba uliopata jua ni mahali pazuri kuliko kamba yoyote. Tandika khanga ya zamani, ilaze blauzi, panga marinda kwa vidole, igeuze ndani nje ili rangi isipauke. Ila siyo upande ambao jirani ameanika dagaa. Pamba inabeba harufu.

Pasi ya moto kwenye akriliki ni kuiua: inalegea na hairudi. Pamba unaweza kuipiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu.

Nikitaka kuuza, niweke bei gani?

Anza na vishono. Mwili 5,616, marinda ya chini 1,872, ya mikono yote miwili 768. Jumla 8,256. Mtu anayefuma dabo 15 kwa dakika bila kusimama atatumia saa 9 na dakika 10, na hapo hajaunganisha, hajaficha ncha, hajapika. Jiulize siku yako moja ya kazi unaithamini shilingi ngapi, ongeza bei ya uzi, nauli na kifungashio. Hiyo ndiyo bei ya chini, siyo ya kuanzia mazungumzo.

Mteja akisema dukani kuna za bei rahisi, mwambie ukweli: nyingi ni za mashine ya kufuma, zinafanana kwa mbali. Kroshia halisi inafumwa kwa mkono. Mwonyeshe nyuma na mbele.

Chukua advansi inayofidia uzi wote kabla ya kufuma cheni ya kwanza, hasa rangi ikiwa ya kuagiza. Mteja wa Ukerewe au wa Bukoba mwombe vipimo vya kifua, kiuno na urefu kutoka begani, vilivyopimwa na mtu mwingine, pamoja na picha futi ikiwa mwilini. Mtu akijipima mwenyewe anajipunguza.

Mteja anataka marinda yaongezwe baada ya kuichukua.

Inawezekana. Fumua ukingo wa mwisho tu, unga uzi, ongeza mizunguko. Kila mmoja ni vishono 468, zaidi ya nusu saa kwa kasi ile ile, na unalipiwa.